Kisu, Kijisu

Kisu changu hakina kosa.
Niliseme hilo kwanza,
maana nikianza kulalamika mtadhani nimekichoka.

Mpini wa pembe, wenye baka la maziwa upande mmoja,
pini mbili za shaba, springi isiyojua kulegea,
makali yanayokunjuka kwa neno moja tu, kwach,
kama mtu aliyefunga mjadala.
Nilikinunua Nansio mwaka ule wa mvua nyingi,
nikiwa naziba nyavu za baba mdogo wa Nyanzala,
na kiganja changu bado kilikuwa kiganja.

Siku hizi nakaa dirisha la pili, ofisi ya vifurushi, Mwanza mjini.
Suruali ya kazini ina mfuko
ambao haujafika hata kwenye nia ya kuwa mfuko.
Nikikaa, kisu kinanichoma paja.
Nikisimama, suruali yote inalalia kushoto
na mkuu wa zamu anauliza:
"Bwana Mafuru, leo umebeba jiwe gani?"
Nikikitoa kukata kamba, mama wa watu
anarudi nyuma hatua mbili, mkoba kifuani.
Na kamba yenyewe, jamani,
ingekatika kwa ukucha.

Nataka hicho hicho. Kidogo.
Sitaki kingine kilicho kidogo. Nataka hicho.
Baka liwe pale pale, ila liwe punje ya mtama;
kilale na funguo bila ugomvi;
kikate uzi, chungwa, gundi ya bahasha,
kisitishe mtu.

Nyanzala anasema, kisu kimeshaanza na ki,
lugha yenyewe ilikupunguzia zamani,
unataka punguzo la ngapi?
Nikasema, hiki changu ni jisu, nipe kisu.
Akasema, chukua kijisu.
Nikasema, hapo sawa.
Akasema, na kesho utataka kijijisu.
Chai ikapoa tukicheka.

Lakini yatazame majabali ya mji huu.
Kila moja lina kijabali miguuni,
kipara kile kile, ufa ule ule ubavuni,
hata mjusi anayeota jua juu yake
ni mjusi wa saizi yake.
Asubuhi nikishuka kutoka Bugando nayapita kwa wivu.

Nikaenda Makoroboi, kwa Bujiku,
kijana anayekata bati bila kupima.
Alikikunjua. Akakikunja. Akakikunjua tena,
na mara ya nne niliona hakikagui, anakichezea.
"Pembe naweza," akasema. "Shaba naweza. Sauti siwezi."
"Sauti?"
"Springi ikiwa fupi haisemi kwach."
Akabinya kipande cha msumeno kati ya vidole, akakiachia.
Ti.
Tone la bomba kwenye sufuria tupu.

Nikarudi kwa njia ndefu, kupitia Mwaloni,
dagaa wameanikwa, harufu imekaa hadi kwenye kola.
Utotoni niliamini dagaa ni watoto wa sangara,
nikawahurumia, nikasema tungewaacha wakue.
Wajomba walicheka hadi mtumbwi ukayumba.
Dagaa hangoji kukua.
Dagaa ni mtu mzima mwenye urefu wa kidole,
na kwao ndiko alikofika.

Basi nimempa Bujiku nusu ya fedha.
Nimemwambia, tengeneza, kikisema ti na kiseme,
nitajifunza kuitikia ti.
Hajaahidi siku. Ameandika jina langu ukutani kwa chaki,
chini ya majina mengine saba.

Usiku huu nimemenya chungwa kwa hiki kikubwa,
ganda limeshuka moja, refu, bila kukatika,
kikafanya kazi kama aliyesikia habari zake mtaani.
Nimekifuta. Kwach. Nimekirudisha mfukoni.
Nimekaa, kikanichoma paja.
Nikasogea kidogo, kikapata nafasi.